Zimamoto Waliokatazwa Kuzima

"Kituo cha zimamoto cha mbao," Kamanda alirudia taratibu, kama mtu anayeonja dawa chungu. "Yaani wewe, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mwenyewe, umesoma miaka yote ile, ukawatazama vijana hawa wanaopambana na moto kila siku, ukasema: hawa nitawajengea kuni."

"Si kituo kizima, Mjomba. Ni ghorofa ya kulala tu."

"Kazini mimi si mjomba wako. Mimi ni Kamanda."

"Ni ghorofa ya kulala tu, Kamanda."

"Ahsante. Kuni za ghorofa moja."

Nyuma ya mlango kikasikika kicheko kilichojigeuza haraka kuwa kikohozi. Kisha kikohozi kikawa cha kweli, kikaendelea, kikakataa kukoma. Injinia, maana ndivyo kituo kizima kilivyomwita tangu apate shahada yake, alikijua kikohozi kile. Alikijua kama wimbo.

Askari wa kituo walilala chini, nyuma ya magari mawili ya zimamoto, kwenye vitanda vya chuma vilivyobanwa kati ya ukuta na matairi. Kila gari lilipowashwa, moshi wa dizeli uliingia moja kwa moja kwenye mito yao. Alipokuwa bado na sare ya shule ya msingi, Injinia alikuwa akimsubiri mama yake pale kituoni hadi atoke kazini. Alifanyia hesabu zake juu ya bampa la gari huku akiwasikia watu wazima wakikohoa usingizini. Aliapa kimoyomoyo, kama watoto wanavyoapa, kwamba siku moja atawapandisha juu kwenye hewa safi. Watoto wengi husahau viapo vyao. Yeye alikwenda kukisomea chuo kikuu.

Shida ilikuwa kuta. Zilikuwa za zamani na zimechoka, na ghorofa ya zege ingeziketisha chini. Wahandisi waliotangulia walizigonga, wakatikisa vichwa, wakashauri kituo kivunjwe chote kijengwe upya, jambo ambalo kila mtu alijua ni namna ya heshima ya kusema haiwezekani. Injinia alikuja na jibu jepesi, jepesi kwa uzito wake: mabamba ya mbao. Hazikuwa mbao za kupigilia misumari kama banda la kuku. Zilikuwa mbao nyembamba zilizokaushwa vizuri, zikalazwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikatiza lile la chini yake, zikagundishwa na kubanwa kwa mashine hadi zikawa kitu kimoja kinene kama godoro na kigumu kama ukaidi.

"Kamanda, taarifa ya tanuru la chuo unayo. Walilichoma bamba kama hili, likasimama."

"Nimeisoma. Tanuru halina vitanda. Tanuru halina askari kama Chapchap anayekoroma." Kamanda aliinuka, akaenda dirishani. "Nataka kuuona moto kwa macho yangu, hapa uani kwangu. Saa nzima. Bamba likisimama saa nzima, tutaongea. Likianguka, au saa isipotimia kwa sababu yoyote ile, basi. Mazungumzo haya yamekwisha, hata ukija nyumbani kwangu kula."

Injinia alielewa uzito wa maneno yale. Askari wangebaki nyuma ya matairi, na hapo ni mwanzo tu. Kama zimamoto wenyewe wameikataa sakafu ya mbao, nani tena angeikubali? Mwenye shule? Mwenye zahanati? Wangemwambia: nenda kwanza kawaulize wazima moto.

"Nimekubali," alisema.

*

Mabamba ya majaribio yalitengenezwa karakanani kwa Fundi Msumari. Jina hilo alilipata ujanani, kwa wingi wa misumari aliyokuwa akiibana mdomoni akipaua nyumba za watu. Tangu alipokutana na Injinia na gundi yake, hakuwa tena na msumari hata wa kutundikia kalenda, lakini jina lilikuwa limeshamgandia. Alitengeneza mabamba mawili, na la pili lilikuwa la akiba tu.

"Akiba ya nini?" aliuliza. "Kwani la kwanza linaumwa?"

Jumamosi mchana wakalipeleka la kwanza uwanja wa mazoezi, nyuma ya kituo. Wakalilaza juu ya kuta mbili fupi za matofali, kuni zikapangwa chini yake. Juu, ili kuwe na uzito kama wa watu na vitanda vyao, Kamanda aliamuru yapangwe mapipa yaliyojaa maji. "Likianguka," alieleza, "lijizime lenyewe." Hata jaribio la moto hakuweza kulifanya bila kulitilia zimamoto ndani yake.

Askari walipanga mstari. Mpira wa maji ulitandazwa tayari, kama kanuni zinavyotaka, maana hakuna moto unaowashwa kituoni bila maji kuwa karibu. Mbele kabisa alisimama Chapchap, pande la mtu, mwenye masharubu na kifua cha mlango. Mtaani walisema: pafukapo moshi, Chapchap alishafika. Katika sikukuu ya kuzaliwa ya binti yake mwenyewe alizima mishumaa ya keki kabla mtoto hajavuta pumzi, na mkewe hajalisahau jambo hilo hadi leo.

"Sikilizeni," Kamanda aliamrisha. "Huu moto hauzimwi. Narudia. Hauzimwi. Mnautazama tu."

"Ndiyo, Kamanda!"

Fundi Msumari akawasha moto. Ulitambaa kwanza, ukaonja kuni, ukazipenda. Ukapanda hadi kwenye tumbo la bamba, na tumbo likaanza kuwa jeusi. Injinia akamgeukia mjomba wake, macho yakimng'aa. Dakika hiyo alikuwa ameiota tangu chuo.

"Unaona, Kamanda? Mbao nene haiungui kama njiti. Nje inageuka mkaa, na huo mkaa ndio unaokuwa koti lake. Unazuia joto lisiingie ndani. Chuma kinalegea kwa joto bila kukuambia chochote, lakini mbao inaondoka polepole, na unaweza kupiga hesabu kabisa kwamba kwa saa moja itaondoka kiasi ga—"

Maji yakaja.

Yalikuja kwa nguvu zote za pampu. Yalichukua moto, yakachukua neno lililokuwa mdomoni mwa Injinia, yakachukua kofia ya Kamanda, yakaangusha pipa moja, na bamba likateleza juu ya ukuta likatumbukia kwenye tope la majivu kama kiboko aliyepata nafasi. Chapchap alikuwa amepiga goti moja, bomba mikononi, mkao wa kitabuni kabisa, na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nimefanya nini?" aliuliza.

"Umezima," Dereva wa gari kubwa alimjibu. "Tena vizuri."

"Pumbavu!" Kamanda alifoka. Halafu, kwa sauti ya chini, maana haki ni haki: "Lakini kasi yako nzuri."

Fundi Msumari alilizunguka bamba lake, akalishika shavu. "Miti imesimama mlimani miaka chungu nzima," alisema, "ije ioge?"

Injinia alikuwa amelowa hadi soksi. Alijaribu kucheka, kicheko kikatoka na kitu kingine nyuma yake. Chapchap alimwona, na lile pande la mtu likakunjamana kama gazeti.

"Injinia, nisamehe. Kichwa kilisikia amri. Mikono haikusikia."

"Saa haikutimia," Kamanda alisema, akiikamua kofia yake. Wote walimtazama. Alimtazama mpwa wake, akatazama pembeni. "Ila waliovuruga ni watu wangu. Bamba la akiba lipo?"

"Lipo."

"Basi Jumamosi ijayo. Na hilo ndilo la mwisho. La tatu sitaki kulisikia."

*

Wiki ile kituo kilifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na kituo chochote cha zimamoto: mazoezi ya kutozima moto. Kila jioni Kamanda aliwasha rundo dogo la takataka uwanjani, akawapanga vijana wake mbele yake, mikono nyuma.

Siku ya kwanza mmoja aliumwagia moto chai yake. Siku ya pili Kamanda alikataza chai, na mwingine akavua koti akalitupa juu ya moto, kisha akabaki analiangalia koti lake jipya likiungua kwa sababu sasa kuzima ni kosa. Siku ya tatu walifungwa mikono kwa mkanda. Chapchap aliruka na miguu yote miwili, akaukanyagakanyaga moto hadi ukafa, kisha akaomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mazoea yana tabu," Fundi Msumari alisema. Alikuwa anakuja kila jioni, kwa sababu karakanani hapakuwa na kichekesho kama hicho. "Mwambie paka akae amtazame panya. Ataelewa vizuri sana. Hatakaa."

Injinia hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, kidevu mikononi, akiwatazama. Aliwapenda watu wale, na sasa mapenzi yao kwa kazi yao ndiyo yangewalaza chini maisha yao yote. Alianza kufikiri kwamba labda amekosea jambo la msingi: labda mtu hapaswi kuombwa awe kinyume cha alivyo, hata kwa faida yake.

Ndipo alipomwona Dereva. Kamanda alikuwa amemtuma Dereva aongeze takataka kila moto ulipofifia, na Dereva alikuwa anafanya hivyo bila papara, akichagua karatasi, akipuliza, akisogeza kijiti. Wenzake walitetemeka mahali pao kama farasi. Yeye alikuwa ametulia tuli.

"Dereva," Injinia aliita. "Hujisikii kuuzima?"

Dereva alifikiri. "Nauzimaje? Si ninahangaika usizimike."

Injinia aliruka kutoka kwenye tairi kama aliyekalia siafu.

"Kamanda! Tumewapa kazi ngumu kuliko zote, tumewaambia wakae bure! Tuwape kazi. Wawe wao ndio wachochezi."

"Unataka," Kamanda alisema, "zimamoto wachochee moto."

"Saa moja tu, Mjomba."

Safari hiyo hakumsahihisha.

*

Jumamosi ya pili Mama naye alikuja. Mama wa Injinia alikuwa dada mkubwa wa Kamanda, mwanamke mfupi aliyebeba kiti chake mwenyewe kwa sababu hakuamini viti vya serikali. Alikiweka mahali pa kuona vizuri, akamwangalia mdogo wake kuanzia buti hadi kofia.

"Umekonda," alisema.

"Dada, niko kazini."

"Na kazini unakonda."

Askari wakakazana kutazama mawingu.

Bamba la akiba lililazwa juu ya kuta. Mapipa yakapangwa. Chapchap na wenzake wakakabidhiwa kuni, na papo hapo ikagundulika aibu ambayo hakuna aliyeitarajia: hakuna hata mmoja wao aliyejua kuwasha moto. Walijaza magogo mazito chini ya bamba, wakawasha kiberiti baada ya kiberiti, wakapata moshi mwingi na machozi. Miaka yote ile walikuta moto umeshawashwa na watu wengine.

Mama alivumilia kadiri alivyoweza, yaani kidogo.

"Ondokeni hapo!" Aliinuka, akainama, akatoa magogo yote. "Nani kawafundisha? Vidogo chini, vikubwa juu, acheni njia ya upepo. Moto ni kama mgeni, humrundikii mizigo mlangoni. Wewe mwenye masharubu, puliza. Usiteme mate, puliza!"

Chapchap alipuliza. Moto ukashika. Na usoni mwake likapita jambo geni, fahari ya mtu aliyefanya kwa mara ya kwanza kile ambacho siku zote alikuwa akikibomoa.

"Umewaka," alisema kwa mshangao. "Mimi nimewasha."

Kamanda akabonyeza saa yake.

Mwanzoni walichochea kwa woga. Kisha kwa bidii. Kisha, kwa kuwa walikuwa watu wa kazi na bamba lilikuwa limewakalia juu bila wasiwasi, wakaanza kuchukulia jambo hilo binafsi. "Bado halijatikisika?" "Hata kidogo." "Lete gogo lile!" Wakagawana zamu. Wakavua makoti. Dereva alipepea kwa kipande cha bati. Mpira wa maji ulilala pembeni kama nyoka aliyesahauliwa, na Chapchap akauruka kwenda kuchukua kuni bila hata kuutazama.

"Leo utaanguka tu!" alilitishia bamba. "Mimi nimeona maghala yakianguka! Wewe ni nani?"

"Mtoto wa gundi," Fundi Msumari alimjibu kutoka kivulini, mikono kifuani. "Ongeza kuni, ongeza. Mnalipasha joto tu."

Injinia peke yake hakuwa na la kufanya. Alikuwa amempa kila mtu kazi akajisahau. Alisimama akiuma kucha, akipiga hesabu ile ile kichwani kila wakati: unene, saa, mkaa. Hesabu ilikubali. Tanuru lilikubali. Lakini tanurini alichoma bamba la chuo, na hapa aliyekuwa anaungua alikuwa yeye.

Nusu saa ilikuwa imepita muda mrefu pale bamba lilipolia. *Paa!* Kipande cha tabaka la chini kilibanduka chote, kikaangukia motoni, cheche zikapaa juu kuliko mapipa. Askari wote wakarudi nyuma hatua moja.

Injinia alijua. Tabaka la chini likishakuwa mkaa mtupu linaweza kubanduka. Alikuwa ameliandika mwenyewe, akalichorea na picha. Lakini kujua kulikuwa kichwani, na moyo ulikuwa umeshakimbia. Akajikuta ameshika mpira wa maji kwa mikono miwili, kidole kwenye bomba.

Mkono mkubwa wenye masizi ukaufunika wake.

"Injinia," Chapchap alisema kwa upole. "Mimi ninaufahamu ugonjwa huo. Vuta pumzi. Angalia mapipa. Maji hayachezi."

Aliangalia. Juu ya mapipa, maji yalikuwa yametulia kama kioo.

"Saa bado," Chapchap alisema. "Usituharibie."

Injinia akaachia bomba. Mama, kwenye kiti chake, alijifanya hakuona, akajifuta jicho na kusingizia moshi.

Kamanda alipopuliza filimbi ya saa moja, hakuna aliyesikia. Alipuliza tena. "Imetimia! Zimeni!"

"Dakika kidogo, Kamanda," Dereva alisema, amebeba kisiki. "Tuna gogo moja zuri hapa."

"Nimesema zimeni!"

"Tukiliweka hili ubavuni, bamba litaanguka, Kamanda, tuachie!"

Ilibidi Kamanda wa zimamoto auchukue mpira wa maji mwenyewe, auzime moto wa askari wake mwenyewe, huku askari wakinung'unika kama watoto walioitwa kuoga. Mvuke ulipotoweka, bamba lilikuwa pale pale juu ya kuta, jeusi chini, na mapipa yake yote kichwani.

Likapoa. Mapipa yakashushwa. Fundi Msumari alileta msumeno, akalikata kwenye kona ili kila mtu aone. Nje palikuwa na mkaa, unene wa vidole vichache, umepasuka kama ngozi ya mamba. Chini ya mkaa palikuwa na ukanda mwembamba wa kahawia. Na baada ya hapo mbao, nyeupe, kavu, zikinukia karakana kana kwamba hazijasikia habari yoyote ya moto.

Kamanda aliingiza kidole kwenye ule mkato, akakinusa. Aliweka kiganja upande wa juu, mahali ambapo vitanda vingekaa, akakiacha hapo. Kisha akaweka buti moja juu, akaweka la pili, akasimama, akaruka kidogo. Halafu akaruka sana. Alikuwa mzito na alikuwa mkali, na bamba halikumjali kwa lolote kati ya hayo mawili.

"Hm," alisema.

Injinia alisubiri. Alikuwa ameandaa hotuba ndefu, kuhusu miti inayopandwa na kukua tena, kuhusu hewa, kuhusu miji ya kesho. Hakuwahi kuianza.

Chapchap naye akapanda, bila kuombwa. Akakaa. Akajinyoosha, chali, mikono chini ya kichwa.

"Mimi nitalala hapa," alitangaza. "Upande wa dirisha."

"Nani kakupa dirisha?" Dereva alipanda nyuma yake. "Mimi nina miaka mingi kituoni kuliko masharubu yako. Dirisha langu."

"Wewe unaamka mara ngapi usiku kwenda haja? Wewe kaa mlangoni!"

"Mwenye kifua kibaya apewe dirisha," mwingine alisema, na akakohoa kidogo kwa ajili ya ushahidi.

"Hicho kikohozi cha leo! Mbona asubuhi hukukohoa?"

Wakawa wanne, watano, wamelala bega kwa bega juu ya bamba lililoungua, weusi kwa masizi, wakigombania dirisha la chumba ambacho hakijajengwa. Fundi Msumari aliwasogeza kwa ncha ya buti ili apate pa kukaa. Mama aliinuka, akakikunja kiti chake.

"Mdogo wangu," alimwambia Kamanda, mbele ya watu wote, "wewe niliyekubeba mgongoni, mtoto amekusubiri sana. Sema neno tuende nyumbani."

Kamanda alikohoa, kikohozi cha ofisini. Akaivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akamsogelea Injinia, akateremsha sauti ili vijana wasisikie, na kwa hiyo vijana wote wakanyamaza.

"Hilo dirisha," alisema. "Kwenye mchoro wako umeliweka upande gani?"

"Mashariki, Kamanda. Wapate jua la asubuhi."

"Moja tu?"

"Moja."

Kamanda aliwatazama watu wake, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayejua kitakachompata.

"Basi weka mengi, mwanangu," alisema. "La sivyo hawa wataniua."